Hisa za IonQ: majibu kwa wanaotaka kuwekeza kwa muda mrefu

Wasomaji kadhaa wanaoishi Marekani wameniuliza kuhusu IonQ, kampuni ya Maryland inayotengeneza kompyuta za kwanta, yaani zinazohesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo sana kama atomu, na ambayo hisa zake huuzwa katika soko la New York tangu Oktoba 2021.

Swali: Je, sayansi yao ni ya kweli, na nani anailipia?

Ni ya kweli. Waanzilishi wake wa mwaka 2015, Christopher Monroe na Jungsang Kim, ni wanasayansi waliobobea katika kunasa ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, ndani ya ombwe na kuziongoza kwa leza. Kila ayoni hubeba kubiti moja, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa katika kompyuta ya kwanta, na kwa kuwa ayoni hizo zote hufanana kabisa, kampuni huepukana na kasoro za kiwandani zinazowasumbua wanaotengeneza kubiti juu ya chipu. Udhaifu wake ni kwamba kila hatua ya hesabu huenda polepole zaidi. Mwaka 2025 ilitangaza usahihi wa asilimia 99.99 katika hatua zinazohusisha kubiti mbili, maana yake kosa moja katika kila hatua 10,000. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, lakini hesabu za kemia zinazotarajiwa kuleta dawa mpya huhitaji hatua mamilioni na zaidi, na bila mbinu ya kusahihisha makosa jibu huharibika kabla halijafikiwa. Ndiyo maana wanaolipa leo wengi ni watafiti na taasisi za serikali, kama maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani, iliyotoa mkataba wa dola milioni 54.5 mwaka 2024.

Swali: Mapato yaliongezeka karibu maradufu kila mwaka kati ya 2022 na 2024. Kwa nini unasita?

Yalikuwa dola milioni 11.1 mwaka 2022, milioni 22 mwaka 2023 na milioni 43.1 mwaka 2024, na ukuaji huo siupuuzi. Hata hivyo, mwisho wa 2024 soko liliithamini kampuni kwa takriban dola bilioni 9, yaani zaidi ya mara 200 ya mapato ya mwaka mzima, huku hasara ya mwaka huo ikizidi dola milioni 330, ingawa sehemu kubwa ya hasara hiyo ni ya kihasibu na si fedha taslimu zilizotoka.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni idadi ya hisa. Kampuni isiyopata faida mara nyingi huishi kwa kutoa hisa mpya, na hata ilipoinunua Oxford Ionics ya Uingereza mwaka 2025 kwa dola bilioni 1.08, karibu malipo yote yalikuwa ya hisa. Mwenye hisa 100 kati ya 1,000 ana sehemu ya kumi. Hisa zikifika 2,000 amebaki na sehemu ya ishirini, ingawa hajauza hata moja. Kwa hiyo pima mapato kwa kila hisa, usitazame jumla peke yake.

Swali: Januari 2025 niliona hisa zikishuka kwa asilimia 39 kwa siku moja. Kulitokea nini?

Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, kampuni kubwa ya chipu za kompyuta, alisema kompyuta za kwanta zenye manufaa makubwa huenda zikachukua miaka 15 hadi 30. Maabara zilibaki zilivyokuwa. Kilichobadilika ni makadirio ya muda, nayo yana uzito mkubwa. Kwa mwekezaji anayetaka faida ya asilimia 12 kwa mwaka, dola 100 za miaka 10 ijayo zina thamani ya dola 32 leo, lakini zikichelewa hadi mwaka wa 20 thamani hiyo ni dola 10 tu.

Swali: Inatoa gawio?

Haitoi.

Swali: Nina akiba ya ada ya mwanangu atakayeingia chuo baada ya miaka minne. Niiweke huko?

Hapana, ndugu yangu, nakusihi usifanye hivyo. Ada ina tarehe yake, na huenda ikafika wakati bei imeanguka. Ukiwa na fedha nyingine ambazo hata zikipotea zote nyumba haitatikisika, nunua kidogo, kisha kila robo mwaka usome ripoti yao uone fedha taslimu zilizobaki na idadi ya hisa. Mimi nitabadili rai yangu nitakapoona kampuni za dawa au za kemia zikilipia mashine hizi mwaka wa pili na wa tatu kwa sababu zimezipunguzia gharama, na si kwa ajili ya majaribio.