Barua ya kaunti haifungui lango la Arboretum

Swali: Mama, salamu. Mimi na mchumba wangu tunataka kufunga ndoa katika bustani ya miti ya Nairobi Arboretum Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, wageni kama 120. Mchungaji wetu ndiye atakayetufungisha. Mwenzetu mmoja kwenye kamati ametuunganisha na kijana anayesema ana watu wake ofisini, na kwamba kwa shilingi 18,000 atatutolea kibali bila sisi kupiga foleni. Tumeshamtumia nusu kwa simu yake, naye ametuletea kwa WhatsApp picha ya barua yenye muhuri wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Je, barua hiyo inatosha, au tunahitaji pia ya polisi? (Bibi harusi mtarajiwa, Kasarani)

Jibu: Mwanangu, barua hiyo haitoshi, na haingetosha hata kama muhuri wake ungekuwa wa kweli. Arboretum haiko chini ya kaunti. Iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, ile tunayoiita KFS. Ilianzishwa mwaka 1907 kuwa mahali pa kujaribia miti, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikitafuta miti inayokua haraka ya kutoa kuni za gari la moshi, na mpaka leo ni mali ya watu wa misitu. Huyo kijana amekuuzia ruhusa ya ofisi ambayo haina ruhusa ya kutoa pale. Ni kama kupewa ufunguo wa nyumba ya jirani.

Swali hili hunijia karibu kila wiki, bustani ikibadilika tu jina. Na kosa huwa lilelile: watu wakisikia “ya umma” wanaelewa “haina mwenyewe”, au wanaelewa “ya kanjo”, yaani ya kaunti, kisha wanatafuta mtu wa kuwapigia muhuri, muhuri wowote ule. Uwanja wa umma una mwenyewe kama ploti ya mtu ilivyo na mwenyewe. Uhuru Park, Central Park na Jeevanjee ziko kwa kaunti. Karura, kama Arboretum, ni msitu wa KFS. Ukitaka kufungia ndoa ndani ya Nairobi National Park, mwenyeji wako ni KWS, Huduma ya Wanyamapori. City Park kule Parklands ni bustani ya kaunti, lakini tangu 2009 imo katika orodha ya turathi za kitaifa zinazolindwa kisheria, kwa hiyo Makavazi ya Kitaifa nayo yanahusika. Zote hizi zinafikika kwa matatu moja au mbili kutoka mjini, na kila moja ina mlango wake wa kubisha.

Kwa hiyo kabla ya kamati kuitisha hata senti, mmoja wenu aende mwenyewe hadi langoni, siku ya kazi, si Jumapili, aulize ofisi ya msimamizi iko wapi, aingie, aseme tarehe. Asubuhi moja tu. Nimeona kamati zikikutana mara sita hotelini kujadili rangi ya vitambaa na hakuna aliyefika uwanjani kuuliza kama tarehe ipo wazi.

Niseme nililoliona, maana ndilo linalonifanya niwe mkali. Miaka michache iliyopita niliitwa saa nne asubuhi na mama mmoja akilia. Binti yake alikuwa ndani ya gari, amevaa, nje ya lango la bustani moja hapa mjini. Ndani kulikuwa na harusi nyingine, tenti zimesimama, viti vimepangwa kwenye nyasi zilezile walizoahidiwa. Wale wa ndani walikuwa na kibali. Huyu binti alikuwa na karatasi yenye muhuri na jina la mtu aliyezima simu tangu Ijumaa jioni. Sufuria za pilau zilikuwa kwenye pikapu, wazee wa upande wa mume wametoka Murang’a alfajiri. Tuliishia kwenye ua wa kanisa la mtaa, mvua ikatukuta hapo. Yule mama hakuwa mjinga. Aliambiwa na mtu wa kanisani kwao kwamba kijana ni mwaminifu, kama wewe ulivyoambiwa na mwenzako wa kamati.

Kuhusu polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka mwenye mkutano wa hadhara au maandamano ampe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, notisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Mikusanyiko ya kijamii na ya kidini haihesabiwi humo, na harusi ni mkusanyiko wa namna hiyo. Ukimwarifu OCS wa eneo kwa sababu ya magari ya wageni 120, umefanya vyema, na usimamizi wa bustani wenyewe unaweza kukutaka ufanye hivyo. Lakini barua ya OCS si kibali cha uwanja. Hata ya chifu. Msirundike barua mkidhani wingi wake utaziba pengo la ile moja inayokosekana.

Kibali chenyewe kisome kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Kiwe na jina lako au la mchumba wako, si la kijana wala la kamati. Kiwe na tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, sehemu gani hasa ya bustani, na idadi ya wageni. Kisha vitu vinavyoingia: tenti, jenereta, spika za DJ, magari ya kushusha viti. Usipovitaja kwenye maombi, usitegemee kubishana na msimamizi asubuhi ya harusi. Risiti ya kiingilio langoni haikupi haki ya kupiga tenti, na risiti ya kupiga picha ni ya kupiga picha tu. Wako maharusi wanaolipia picha kisha wanakuja na mchungaji, madhabahu na wageni themanini, wakidhani hakuna atakayeona.

Kwa Arboretum nina mawili ya kukuongezea. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu, mbuga na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Chupa ndogo za maji mlizozoea kugawia wageni, vijiko, vikombe, mirija, vyote mviache nyumbani. Mwambieni mwenye chakula mapema alete sahani za kuosha na maji kwenye mitungi mikubwa. La pili ni droni. Mpiga video wenu atataka kuirusha, wote wanataka. Droni Kenya zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020, na Arboretum inapakana na Ikulu. Mwambie aisahau kabisa siku hiyo. Ah, na mwezi wa tatu mvua za masika huwa zinabisha hodi, basi muulize msimamizi vigingi vya tenti vinaruhusiwa kupigwa wapi, kwa sababu hatakubali mizizi ya miti itobolewe.

Sasa pesa. Nusu ya pili usiitume. Huduma za serikali kuu hulipiwa kupitia eCitizen, paybill 222222, na kaunti ina mfumo wake wa malipo. Hakuna ofisi ya umma inayolipwa kwa nambari ya simu ya mtu, hata akisema ni ya “bosi”. Weka ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote, nenda kituo cha polisi uandikishe upewe nambari ya OB, kitabu chao cha matukio. Na ile barua usiipeleke langoni ukijaribu bahati. Kanuni ya Adhabu inamhesabu anayetumia hati ya kughushi, akijua ni ya kughushi, sawa na aliyeighushi. Jana hukujua. Leo nimekwambia uitilie shaka, na njia safi ni kuipeleka kwa kaunti yenyewe uulize kama ni yao.

Umesema mchungaji ndiye atakayewafungisha, nami nakuuliza: una hakika ana leseni ya Msajili wa Ndoa? Usione haya kumwomba uione. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 kuwa mchungaji peke yake hakumpi mtu mamlaka ya kufungisha ndoa, na uwanja kuwa na kibali hakuifanyi ndoa kuwa ndoa. Mtahitaji pia mashahidi wawili wa kutia sahihi cheti. Mkibadili nia mkaenda kwa ndoa ya kiserikali, sheria hiyohiyo inataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 21 wala kuzidi miezi mitatu, na notisi hiyo hapewi Msajili peke yake. Inampasa kupewa pia msimamizi wa mahali ndoa itakapofungiwa. Yaani sheria yenyewe imetaka mwenye mahali ajulikane na ajue. Huwezi kumpa notisi mtu ambaye hujui ni nani.

Nalitaja hili kwa sababu hawa wanaouza barua za bustani hawaishii kwenye bustani. Akishaona umekubali ya kwanza, wiki mbili baadaye atakwambia anaweza “kuziruka” zile siku 21, kwamba ana mtu Sheria House, kwenye ofisi ya Msajili, kwamba cheti kitakuja kwa boda kikiwa kimeshatiwa sahihi. Vijana wengi wenye haraka ya safari au ya ujauzito wanakubali. Wanapiga picha, wanakula keki, wanapanga nyumba, na wanaishi wakiamini wamefunga ndoa. Karatasi hiyo hailii siku ya harusi. Inalia siku mmoja anapoomba viza ya kumfuata mwenzake, ubalozi ukataka kuhakikisha kwa Msajili, na kwa Msajili hakuna kitu. Au inalia msibani, mjane akiwa na watoto wawili na cheti mkononi, mashemeji wakisema huyu hatumjui, na daftari la serikali likiwa upande wao. Nimekaa na wanawake wawili wa namna hiyo. Mmoja aliniomba niende kortini kutoa ushahidi kwamba nilipanga viti siku ile, kana kwamba viti vingemsaidia.

Kwa hiyo yeyote aliyefunga ndoa kwa njia ya mtu wa katikati, bustanini au ukumbini, mwaka huu au mwaka 2016, achukue nambari iliyo kwenye cheti chake aende ofisi ya Msajili wa Ndoa aombe kumbukumbu zitafutwe. Huduma hiyo ipo. Aende wakati wote wawili wangali hai na wanaelewana, maana kumbukumbu zikikosekana, bado wanaweza kuketi mbele ya Msajili na kuifunga ndoa upya.