Jiwe la kaburini

Ndugu yangu, umeuliza wanawake wale walikwenda kaburini kwa Yesu kufanya nini ilhali hawakuwa na mtu wa kuwaondolea jiwe la mlangoni. Kwangu mimi, uaminifu wao umo humo hasa. Marko anasimulia katika Injili yake kwamba Mariamu Magdalene, Mariamu mama yake Yakobo na Salome walinunua manukato sabato ilipokwisha, wakaondoka alfajiri na mapema, na njiani wakawa wanaulizana ni nani atakayewavingirishia jiwe, lakini wakaendelea na safari. Hawakutazamia muujiza, walikwenda kuupaka mwili manukato. Tena ni walewale waliosimama kwa mbali wakiutazama msalaba baada ya wanafunzi kukimbia, na waliokuwa wakimhudumia Yesu tangu Galilaya.