Bagi ya nitro kutoka Nairobi kukauka Malindi: usifunge sindano, ifungue

Salaam ndugu. Nimesoma ulivyoeleza: bagi ya 1/8 (gari la kuongozwa kwa rimoti, ukubwa wa moja ya nane ya gari la kweli), injini ya 3.5 cc, Nairobi ilikuwa inaruka vizuri, umeshuka nayo Malindi likizo hii na sasa ukiikanyagia gesi inalia kwa sauti nyembamba, moshi hauonekani, tangi haliishi kabla haijazima, na plagi mbili (zile za waya unaowaka kichwani mwa injini) zimeshakufa. Waliotangulia kukujibu wamekwambia ufunge kidogo sindano, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta, kwa sababu huku kuna joto. Nakuomba usifanye hivyo, utaua pistoni.

Hoja yao haikutoka hewani. Hewa ya moto yenye unyevu ni hafifu, na ukiwa mji mmoja, mchana wa jua kali injini hutaka mafuta machache kuliko asubuhi ya baridi. Mimi mwenyewe kaskazi ikiiva mwezi wa Februari hufunga kidogo, na kusi ikivuma Julai nafungua. Lakini wewe hukutoka asubuhi ukaingia mchana. Umetoka mita 1,700 na ushei juu ya bahari ukaja baharini kwenyewe. Kanieneo ya hewa Nairobi iko chini ya ya hapa kwa karibu sehemu moja ya tano, na joto letu linarudisha kidogo tu ya tofauti hiyo. Pistoni ikivuta huku inavuta oksijeni nyingi zaidi, ilhali sindano bado imekaa kwa hewa nyepesi ya bara. Na kumbuka injini hizi hazina oili yake peke yake, ya kulainisha imo humohumo ndani ya mafuta pamoja na methanoli na nitromethani, ndiyo hiyo nitro. Mafuta yakipungua, oili imepungua pia. Ndiyo maana inapata moto mpaka inazima.

Basi anza hivi. Fungua sindano kubwa, ile ya mwendo wa kasi, robo ya duara kinyume cha saa. Sindano ndogo, ile ya mwendo wa polepole, iache kwanza. Washa, endesha polepole dakika mbili tatu mpaka injini ipate moto wake, kwa sababu injini baridi itakudanganya kila kitu. Halafu ipe mbio ndefu, ukitazama nyuma yake. Ikikohoa, ikitoa moshi mzito na kukataa kupanda hadi mlio wa juu, uko mahali salama pa kuanzia. Sasa funga kidogo kidogo, kila mara nafasi iliyo kati ya namba mbili za uso wa saa, usizidishe. Baada ya kila mguso ipe mbio mbili tatu kabla hujaamua. Wengi wanaharibu hapa: wanageuza, wanasikiliza sekunde tano, wanageuza tena, mwisho hawajui walipotoka. Mimi huchora alama ya kalamu ya rangi kwenye kichwa cha sindano, na nikianza upya narudi palepale.

Pa kusimama ni pale mlio unapokuwa mkali na safi lakini mkia wa moshi wa buluu bado unaonekana gari likiondoka na likiwa mbioni. Moshi ukipotea mwishoni mwa mbio ndefu, umeshapita. Rudi nyuma mguso mmoja, hata kama gari lilikuwa tamu kwa mizunguko miwili ile. Utamu wa mwisho kabla ya kukauka, yaani kukosa mafuta ya kutosha, ndio unaowaponza watu, kwa sababu injini iliyo karibu kufa hukimbia vizuri kweli.

Kipima joto ninacho, lakini nakiweka nyuma ya macho na masikio. Ukipima kwenye plagi, kati ya nyuzi 95 na 120 za Selsiasi ni kawaida kwa injini nyingi, lakini siku ya upepo kichwa cha injini kinapoa na namba inakudanganya. Na kile cha bunduki kilichobaki nyumbani tangu enzi za Korona hakifai, kimetengenezwa kupima homa, hakifiki huko.

Sindano kubwa ikikaa sawa ndipo uende kwenye ndogo. Kwanza hakikisha uwazi wa kabureta gesi ikiwa imeachiwa ni kati ya nusu milimita na milimita moja. Ukiwa mkubwa zaidi injini itanguruma juu na utadhani sindano ndogo ndiyo mbaya. Kisha, gari likiwa limesimama linanguruma, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta. Ikizima papo hapo, sindano ndogo imefungwa mno. Ikipandisha mlio na kuendelea sekunde nne tano kabla ya kufa, imefunguliwa mno. Unachotaka ni sekunde mbili tatu, mlio upande kidogo, izime. Halafu ngoja ingurume sekunde kumi na kitu na uikanyagie gesi ghafla. Ikisita huku imetoa wingu la moshi, mafuta ni mengi. Ikisita bila moshi, ni machache.

Hayo ndiyo ya sindano. Lakini magari mengi niliyoletewa hapa Malindi ati kwa kutuniwa, yaani kurekebishwa sindano, shida yao haikuwa sindano kabisa.

Kubwa ni hewa ya wizi, ile inayoingia au kuvuja mahali pasipo pake. Dalili yake ni hii: gari linatoka mbioni, unaachia gesi, na mlio unakataa kushuka, unabaki juu, unashuka taratibu kama unavyotaka wenyewe. Au umetuni vizuri tangi likiwa limejaa, likifika nusu linakauka. Kijana mmoja wa Muyeye alihangaika na la namna hiyo muda mrefu, kila tangi na sindano yake. Nilipofungua kifuniko cha tangi nikakunja ule mpira wake kwa vidole, mpasuko ukajitokeza ambao ukiuangalia umelala huuoni. Tangi la gari hizi husukumwa na presha ya ekzosi inayopitia mpira mwembamba. Presha ikivuja kifunikoni, mafuta hayafiki kabureta vya kutosha, na yakipungua tangini ndiyo balaa linaonekana. Mpira mpya, na sindano tuliyoiacha siku ile hakuigusa tena msimu mzima. Kwa hiyo kagua kifuniko, mpira wa presha pale unapoingia kwenye chuchu ya ekzosi (jua letu linaukausha, unapasuka hapohapo), oringi ya shingo ya kabureta, kifuniko cha nyuma cha injini, na gasketi ya ekzosi. Ukitaka uhakika, ng'oa injini, ziba matundu yote, itumbukize kwenye maji ya vuguvugu na upulize kwa mpira. Mapovu hayafichi kitu. Ukimaliza ikaushe na uitie oili siku hiyohiyo.

La pili ni mafuta yenyewe. Methanoli inakunywa maji kutoka hewani, na hewa ya Malindi ina maji ya kutosha kuigawia. Chupa uliyoifungua ukaiacha kifuniko nusu barazani usiku kucha si ile uliyoinunua. Injini itakuwa haieleweki: leo imejaa mafuta kupita kiasi, kesho imekauka, ngurumo inayumba. Mafuta yaliyobaki nayahamishia chupa ndogo inayojaa mpaka shingoni, nafunga kabisa, naweka gizani penye ubaridi, kwa sababu nitromethani haipendi mwanga. Kama chupa yako imekaa wazi kwa wiki, nunua nyingine kabla hujagusa sindano hata moja. Na ukiwa unajaza tangi, vaa glavu na usimruhusu mtoto karibu. Methanoli ni sumu hata kupitia ngozi, na moto wake mchana wa jua hauuoni.

Plagi zako mbili usizitupe, zitazame juani. Waya ukiwa wa kijivu uliofifia na umejikunja, ni ukavu. Ukiwa bado unang'aa, mafuta yalitosha na tatizo ni jingine. Kingo za plagi zikiwa na chunusi chunusi kama zimepigwa mchanga, injini inalipuka kabla ya wakati wake. Hilo huwapata wanaoshuka kutoka bara hata baada ya kufungua sindano, kwa sababu hewa nzito inayobanwa mlemle ndani ya kichwa kilekile inabanika zaidi. Dawa ni kuongeza kisahani kimoja chembamba cha shaba chini ya kichwa, cha 0.1 mm, na kutumia plagi ya baridi zaidi, yaani isiyohifadhi joto sana. Ukirudi Nairobi, kitoe. Bagi yangu ya kwanza, yenye injini ya Novarossi, niliinunua kwa Mwitaliano aliyekuwa akihama, na kijitabu chake kilikuwa cha Kitaliano kitupu, lakini picha ya visahani ilinitosha.

Klachi sitaisema sana. Kama kengele yake, ile bakuli ya chuma inayoifunika, inakwaruza au beringi imekufa, badilisha, kwa sababu klachi inayoburuta hufanana na sindano mbaya.

Filta ya hewa ndiyo nisiyoweza kuipita. Mchanga wetu ni mwembamba na una chumvi. Sponji iwe na oili ya filta, ibinye mpaka rangi iwe moja kote, na shingo yake uifunge kwa kamba ya plastiki, usiamini mpira peke yake. Baada ya mbio, ivue na upitishe kidole ndani ya mdomo wa kabureta. Ukigusa chembe hata moja, mchanga umeshapita, na pistoni na slivu (silinda inamopandia pistoni) za injini hizi hazina ringi: zikilika, presha imekwenda na hakuna sindano itakayoirudisha. Osha sponji kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ndipo utie oili upya.

Na usilale na mafuta ndani ya injini. Mwaga tangi, washa tena mpaka ichome yaliyobaki na kuzima yenyewe, tia matone ya ATF (oili ya giaboksi otomatiki) kupitia kabureta na tundu la plagi, zungusha kwa mkono, halafu iache pistoni ikiwa chini. Mabaki ya mafuta yanakula chuma, chumvi ya hewa inamalizia, na beringi ya nyuma ndiyo huanza. Ukiisikia ina mkwaruzo ukizungusha taratibu, imeshakwenda.

Ulichouliza mwisho, kama unaweza kuikimbiza ufuoni maji yakitoka: hapana. Mchanga ule uliolowa unaonekana mgumu na mzuri, lakini gurudumu la nyuma linaurusha moja kwa moja kwenye filta na kwenye mapezi ya kichwa, na maji yake ni ya chumvi. Panda upande wa Ganda, au ukipata lifti vuka Sabaki ukaukute udongo mwekundu wa Magarini, nenda asubuhi vumbi likiwa bado limelala. Kama ni picha za ufuoni unazozitaka, azima gari la umeme la mtu, na umwambie ukweli utakapolipeleka.