Paka wa marehemu mama analia usiku na kukojolea godoro

SWALI: Assalam aleikum shangazi. Mama yetu alifariki kabla ya Ramadhani akatuachia paka wake dume, ashahasiwa, umri wake kama miaka 13 hivi. Tangu matanga yaishe paka yuwalia usiku mbele ya chumba cha mama, kwa sauti kubwa mpaka majirani wa ng'ambo ya kichochoro wanalalamika. Ajilamba tumbo mpaka manyoya yameisha, na sasa akojolea godoro la mama tulilolitoa chumbani tukaliweka ukumbini. Nguo za marehemu tumefua tukagawa, chumba tumekifunga, na karai lake la mchanga la kujisaidia tumelipandisha darini manake wageni walikuwa wengi. Ami asema ni jini, kaka yangu ataka amletee kitoto cha paka awe mwenziwe. Nifanyeje? Bint Kibokoni.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, poleni sana, Mungu amrehemu mama. Ami wako mwambie kwa adabu kwamba jini hana haja ya godoro.

Hebu tazama mambo kwa jicho la huyo paka. Mtu wake kaondoka, halafu nyumba ikajaa watu usiku na mchana, viti vikatolewa, mikeka ikatandikwa, mlango aliozoea kuingia ukafungwa, na paka mambo mengi huyajua kwa pua, nyinyi mmefua kila kitu chenye harufu ya mama isipokuwa hilo godoro, sasa mwataka aende wapi? Hilo si kisasi wala utundu. Na lile karai, wallahi hapo ndipo niliposhtuka, ngazi za nyumba za Mji wa Kale sisi wenyewe twazipanda tukihema, itakuwa paka wa miaka 13 ambaye kwa umri huo viungo huwa vishaanza kumuuma! Literemshe leo leo, na kama kingo zake ni ndefu tafuta trei fupi aingie bila kuruka.

Lakini usikimbilie kusema ni huzuni tu ukatulia. Kulia usiku kwa paka mzee kwaweza kuwa presha, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi (huyo hula sana na bado akakonda), au masikio yameziba, au akili imeanza kuchoka kama ya wazee wetu. Akinywa maji mengi na kukojoa mengi, figo zichunguzwe. Na kujilamba tumbo mara nyingine ni kibofu kinamuuma, manake kwa paka kibofu huweza kuvimba kwa mawazo tu, bila vijidudu vyovyote. Kwa hivyo mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe damu, mkojo na presha.

Kuna mawili hayangoji miadi. Ukimwona anachutama kwenye mchanga, anajikakamua na hakitoki kitu ama ni tone tu, mbebe saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, dume akiziba mkojo aweza kufa ndani ya siku moja au mbili. La pili ni kususia chakula, siku nzima bila kula usinyamaze, hasa akiwa mnene, ini lake huharibika. Samaki mpashe moto kidogo harufu itoke, changu wa kuchemsha tu atosha, ule mchuzi uliobaki usimpe manake kitunguu ni sumu kwake. Na tafadhali Panadol usimpe hata chembe, yamuua.

Akirudi kutoka kwa daktari, chumba cha mama kifungue. Kama kuna leso au foronya iliyosalimika bila kufuliwa mtandikie pembeni, pale alipokuwa akilala mama. Godoro lisuguliwe kwa sabuni ya enzaimu, ile inayovunjavunja mkojo na harufu yake, si ya amonia, amonia yanukia kama mkojo na itamwita arudi pale pale. Chakula kiwe saa zile zile alizokuwa akilishwa na mama, na mtu mmoja, wewe au mwingine, akae naye kila jioni. Akilia usiku usimpigie kelele, muwashie taa ndogo kwenye kibaraza cha ndani, wazee wengine hulia kwa sababu giza limewachanganya.

Kuhusu kitoto cha paka, kaka yako ana moyo mzuri lakini asubiri. Paka mzee hana hamu ya kurukiwa mkiani na mtoto asiyemjua, tena kwenye nyumba iliyomgeuka hivi.