Pesa hununua haki ya kukosea

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, klabu tajiri zimeua ushindani katika besiboli ya Marekani, na je, dawa ni kuweka ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho klabu hairuhusiwi kuvuka? Kwa la kwanza nasema bado. Kwa la pili nasema hapana, si kwa namna wamiliki wanavyoutaka. Naishi Aurora, Colorado, na timu ninayoishangilia ni Colorado Rockies, kwa hiyo msinidhanie wakala wa matajiri. Mwaka 2025 timu yangu ilifungwa mechi 119 kati ya 162.

Anayelalamikiwa na kila mtu ni Los Angeles Dodgers, na malalamiko yana msingi. Desemba 2023 walimsajili Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 kwa miaka 10, tena kwa ujanja: katika milioni 70 za kila mwaka anachukua milioni 2, nyingine ataanza kulipwa 2034, bila riba. Mwezi huohuo wakamchukua mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) Yoshinobu Yamamoto kwa milioni 325. Kombe la 2024 likaenda kwao, la 2025 pia. Kodi ya anasa, ile inayotozwa klabu ambayo mishahara yake imevuka kiwango (mwaka 2025 kilikuwa milioni 241), iliwagharimu kiasi cha milioni 169. Zipo klabu ambazo mishahara ya kikosi kizima haifiki hapo.

Sasa watazameni New York Mets. Mwaka 2023 walivunja rekodi ya matumizi, wakamaliza na ushindi wa mechi 75, na kabla msimu haujaisha walikuwa wameshawauza Max Scherzer na Justin Verlander. Desemba 2024 wakampa Juan Soto mkataba wa milioni 765 kwa miaka 15. Siku ya mwisho ya msimu uliofuata walipoteza, na nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano ikachukuliwa na Cincinnati Reds. Pesa zilikuwepo, kombe halikuonekana. Na kabla ya Dodgers, hakuna timu iliyokuwa imetetea ubingwa wake tangu Yankees ya mwaka 2000. Ligi ngapi za soka mnazozijua zinaweza kusema hivyo?

Mchezo wenyewe una tabia hiyo. Dodgers mabingwa wa 2025 walifungwa mechi 69. Milwaukee Brewers, klabu ya mji mdogo, ndio walioongoza ligi nzima kwa ushindi 97, na walipokutana na Dodgers mara 6 katika msimu wa kawaida walishinda zote 6. Oktoba wakakutana tena katika mtoano, Dodgers wakashinda mechi zote 4, na Brewers wakapata pointi moja tu katika kila mechi.

Basi pesa inanunua nini, kama si kombe? Inanunua haki ya kukosea, na hapo ndipo naona dhuluma ilipo.

Chukueni mikataba miwili yenye thamani ileile. Mwaka 2022 Rockies walimpa Kris Bryant dola milioni 182 kwa miaka 7. Mwishoni mwa 2024 Dodgers walimpa Blake Snell milioni 182 kwa miaka 5. Bryant akaumia, akarudi, akaumia tena. Mwaka 2025 alicheza mechi 11. Snell naye bega lilimsumbua tangu Aprili, akakaa nje miezi kadhaa. Huku kwetu jeraha la Bryant limekuwa kama kaburi la klabu: fedha zake zimefungwa, mbadala wa kiwango chake hayupo, na kila mwaka tunaambiwa tusubiri vijana. (Nakiri viongozi wetu wana madhambi mengine mengi, lakini hayo ni makala nyingine.) Kule Los Angeles, Snell alipoumia waliendelea. Tyler Glasnow naye akaumia, wakaendelea. Tanner Scott, waliyemchukua kwa milioni 72 aje kurusha mwishoni mwa mechi na kulinda ushindi, akavurunda mwaka mzima, kazi yake akapewa Roki Sasaki. Michael Conforto alilipwa milioni 17 kwa msimu mmoja, akapiga vibaya hadi Oktoba akaachwa nje ya kikosi. Mwenye daladala tano, moja ikiua injini, watoto bado wanakula. Mwenye moja anauza shamba.

Usiku wa mechi ya saba, ya mwisho, ya fainali za 2025 kule Toronto ulionyesha yote mawili, nguvu ya pesa na mipaka yake. Inningi (zamu ya kupiga) ya 9, ya mwisho kwa kawaida, Toronto wanaongoza 4-3, Dodgers wamebakiza wachezaji wawili tu watolewe msimu uishe. Zamu ya kupiga inamfikia Miguel Rojas, mzee wa kikosi, anayesifika kwa kudaka kuliko kupiga, ambaye mshahara wake kwa hesabu za Dodgers ni chenji. Akatandika mpira ukavuka ukuta wa kushoto, ikawa 4-4. Inningi ya 11 Will Smith akaupeleka mwingine hukohuko, ikawa 5-4. Na aliyesimama kurusha hadi mwisho alikuwa Yamamoto wa milioni 325, mtu aliyekuwa amerusha mipira 96 jana yake. Atakayesema pesa ndiyo iliyoshinda ataje bei ya Rojas, na atakayesema haikuhusika anieleze Yamamoto alifikaje pale.

Klabu ndogo huishi kwa kanuni moja: mchezaji hawezi kuwa huru kabla ya kutimiza miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu, na miaka ya mwanzo hulipwa kima cha chini au karibu nacho. Ndivyo Tampa Bay Rays walivyofika fainali 2008 na 2020. Ndivyo Pittsburgh Pirates wanavyomtumia Paul Skenes, mrushaji bora wa National League (nusu moja ya ligi kuu) mwaka 2025, kwa mshahara ambao Ohtani angeudondosha asiutafute. Siku Skenes akiwa huru ataondoka, kila mtu Pittsburgh anajua. Klabu hizo hutafuta vipaji hata mbali: Pirates walimsajili kijana wa Uganda, David Matoma, mwaka 2023. Lakini hata huko matajiri walishafika. Mwaka mmoja kabla yake Dodgers walikuwa wamewachukua Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Kama tajiri ananunua dukani na gengeni pia, maskini akanunue wapi?

Ukomo wa mishahara hautatibu hilo. Kwanza wachezaji hawautaki, na historia yake ni chungu. Agosti 12, 1994 waligoma kwa sababu wamiliki walikuwa wanaushinikiza, na fainali za mwaka ule zikafutwa. Mnajua nani alikuwa anaongoza ligi siku hiyo? Montreal Expos, ushindi 74, kufungwa 40, moja ya klabu zenye mishahara midogo kabisa. Vita iliyopiganwa kwa jina la klabu ndogo iliua msimu mzuri kuliko yote wa klabu ndogo. Miaka 10 baadaye Montreal haikuwa na timu tena.

Pili, ukomo unamzuia anayetumia pesa na kumwacha anayezikalia. Kila klabu huweka asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani katika mfuko mmoja, kisha mfuko unagawanywa sawa kwa zote 30. Zinazopokea kuliko zilivyotoa zinatakiwa kuzitumia kuboresha timu, ila mlango wa kukwepa ni mpana. Huku hakuna kushuka daraja. Klabu ikiboronga inabaki ligi kuu, inapata mgao, na inapanda foleni ya kuchagua chipukizi bora. Mmiliki wa soka angeogopa msimu wa kufungwa mara 119. Wa besiboli analala.

Mimi ningeanza na sakafu: klabu isiyofikisha kiwango fulani cha mishahara ikose mgao wa mfuko. Ningeongeza sehemu ya fedha za televisheni inayoingia katika mfuko huo, maana pengo linaanzia hapo. Mkataba wa Dodgers wa 2013 ulikuwa wa miaka 25 na zaidi ya dola bilioni 8, na Milwaukee haiwezi kuota kitu kama hicho hata ikichagua wachezaji kwa akili kiasi gani.

Mkataba wa sasa kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unakwisha Desemba 1, 2026, na habari ya ukomo itarudi mezani. Atlanta Braves, kwa kuwa hisa zake zinauzwa sokoni, hulazimika kutoa hesabu zake hadharani. Wamiliki wengine wanaolia kwamba hawamudu wafungue daftari zao kwanza, ndipo wawaombe wachezaji wakubali kukatwa.