Barua kwa mwanangu: jioni zinazokushinda

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa baba watoto na kwa wajukuu wangu wote watatu. Unasema unashinda nyumbani na watoto, wa miaka 4, wa miaka 2 na wa miezi 8, lakini jua likizama vyombo ni vichafu, nguo bado zimelowa, na wewe umekwisha kuwafokea. Unauliza: “Mama, wenzangu wanawezaje?”

Wenzako nao wanaacha kazi zilale. Tofauti ni kwamba wamechagua zipi zilale na zipi zisilale kamwe. Zisizolala ni maji, chakula cha watoto na usingizi wao. Sakafu na pasi zingoje kesho. Hakuna mtoto anayeugua kwa sababu shati lake halikunyooshwa.

Tuangalie ile saa unayofoka. Umesema ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Saa hiyo mdogo anataka ziwa, wa katikati hakulala mchana, mkubwa ana njaa, nawe ndiyo kwanza unapuliza mbabula, lile jiko la makaa, kwa makala yenye unyevu, na maharage yanangoja saa mbili nzima motoni. Jioni hiyo imeharibika tangu asubuhi, kwa hiyo itengeneze asubuhi.

Maharage yaloweke usiku katika maji mengi, mara tatu ya kipimo chake. Kukicha mwaga maji hayo, tia mapya, uyachemshe kwa moto mkali. Dakika 10 za kwanza usipunguze moto hata kidogo, maana maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yanatapisha na kuharisha. Endelea mpaka nusu saa, kisha funika sufuria, iweke ndani ya kikapu kikubwa chenye blanketi kuukuu, uizungushie pande zote, chini na juu. Yatazidi kulainika kwa joto lake yenyewe kwa saa tatu hivi, bila makala. Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu, kwa sababu iliyo na kidogo inapoa upesi. Wala usifunue kuchungulia. Jioni yarudishe motoni yachemke tena vizuri, ndipo utie kitunguu, mafuta na nyanya. Nyanya ziwe za mwisho, maana uchachu wake unayafanya maharage yakatae kuiva.

Siku ya sombe ni nyingine. Sombe haitaki haraka: baada ya kutwangwa ichemke muda mrefu bila kifuniko, sumu ya majani ya muhogo itoke na mvuke. Usiipangie siku ambayo mtoto ana homa.

Uji wa mdogo nadhani unaupika mwepesi mno. Uji unaotiririka kama maji unajaza tumbo na kumwacha mtoto na njaa, ndiyo maana analia tena baada ya muda mfupi. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Unga wa mahindi, mtama na soya ni mzuri, ila soya ikaangwe kabla ya kusagwa. Sambaza kavu, wale dagaa wa ziwa Kivu, zioshe, zikaange bila mafuta, zitwange, uzichekeche miiba itoke, umtilie kijiko kidogo cha unga huo na kijiko kidogo cha mawese. Kwa miezi 8, mara mbili au tatu kwa siku, karibu nusu kikombe kila mara, pamoja na ziwa. Akifika miezi 9 ziwe mara tatu au nne. Asali asionje kabla ya mwaka mmoja.

Maji ya kunywa yawe na bidoni yake, dumu lenye kifuniko, mtu asiingize humo kikombe wala mkono. Hapo Goma wengi wanachota ziwani, na kipindupindu hakihami. Maji yakiwa na matope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Mtoto akiharisha, lita 1 ya maji hayo, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inamdhuru. Mpe kidogo kidogo, ziwa lisikome, na mabaki umwage baada ya saa 24. Choo kikiwa kama maji ya mchele, usingoje kupambazuke, nenda kituo cha afya.

Wa miaka 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukiunganisha wa usiku na wa mchana. Mlaze saa saba mchana, mara tu baada ya kula. Ukichelewa atasinzia saa kumi na moja, na usiku mtakesha naye. Akilala, lala nawe. Vyombo viache.

Usiku Goma kuna baridi, najua. Hata hivyo mbabula isiingie chumbani kuwapasha joto. Hewa ya makala haina harufu, na inaua watu usingizini. Tena, kwa kuwa mnakaa upande wa Mugunga, waulize majirani mashimo yenye mazuku, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini, yako wapi. Hewa hiyo ni nzito, inakaa chini, kwa hiyo inampata mtoto mfupi kabla ya mtu mzima. Asubuhi isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi.

Hasira ikipanda, mweke mdogo mahali salama, toka mlangoni, kunywa maji, kisha rudi. Ukiwa umekwisha kufoka, chuchumaa mbele ya mkubwa umwambie: “Nimekasirika kwa sababu umeshika moto. Nakupenda.” Mpe kazi ya kuchambua maharage. Atayamwaga, na mtayaokota pamoja.

Baba watoto usimwambie “nisaidie”. Mwambie: bidoni mbili za maji kabla hujatoka.

Niandikie sufuria yako ni ya lita ngapi. Nitatafuta kikapu kinachoitosha hapa soko la Kadutu, nikitume kwa boti.

Mama yako,
Bukavu