Jibu: Kutoa mimba Ireland, nani analipa na nani anajua?

Pole dada. Umeuliza kama daktari wa familia atakutoza, na kama jina lako litapelekwa serikalini.

Kwa mkazi wa Ireland ni bure tangu 2019. Daktari hulipwa na HSE, yaani huduma ya afya ya serikali ya Ireland. Ripoti ambayo daktari hutuma kwa waziri wa afya, ndani ya siku 28 baada ya mimba kutolewa, hubeba namba ya usajili ya daktari, kifungu cha sheria, kaunti unayoishi na tarehe. Jina lako halimo.

Ila usichelewe! Baada ya wiki 9 za mimba utapelekwa hospitali, kwa kawaida mwisho ni wiki 12, na lazima zipite siku 3 tangu daktari athibitishe umri wa mimba. Si kila daktari anatoa huduma hii, kwa hiyo pigia My Options, simu ya ushauri ya HSE. Ukitokwa damu nyingi au ukipata homa, nenda hospitali mara moja.